Msaada: kuondoa chumvi kwenye protini kwa Sephadex G-25, kila tyubu inaonyesha chumvi na kimeng'enya kinapotea

BintiTengeru aliandika:

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba mawazo yenu maana hii ni wiki ya pili nimekwama na sampuli zinaisha.

Nafanya masters hapa Arusha, mradi wangu ni kile kimeng'enya kinachofanya ndizi iwe nyeusi ukishaimenya, polifenoli oksidesi. Nakitoa kwenye maganda ya mchare, maganda napata bure kwa akina mama wanaomenya ndizi pale soko la Tengeru, wananiwekea kwenye mfuko wa peke yake kabisa Mungu awabariki. Nasaga maganda na bafa ya fosfeti iliyopoa (maji yanayoshikilia pH isiyumbe), nachuja kwa kitambaa, nazungusha kwenye sentrifuji, halafu nashusha protini kwa amonia salfeti. Ule mshuko nauyeyusha tena unakuwa kama 6 ml za rangi ya chai ya rangi.

Sasa shida ni kuitoa hiyo salfeti. Mwanzo nilitumia mfuko wa dialisisi (unapitisha chumvi, unabakiza protini) kwenye friji siku mbili, usiku wa pili umeme ukakatika saa tano mpaka asubuhi, nakuja kupima nguvu ya kimeng'enya imebaki chini ya nusu. Niliumia sana maana ilikuwa kazi ya siku nne. Ndo nikaambiwa nijaribu kolamu ya jeli, ile inayotenganisha vitu kwa ukubwa wake. Stoo kuna makopo mawili ya unga mweupe mkavu, moja Sephadex G-25 Fine na lingine G-100. Nikachukua G-25, nikaloweka kwenye maji ya distilisheni na kukoroga na sumaku usiku kucha, nikajaza kwenye bomba la sindano la 20 ml lenye pamba ya kioo chini, jeli ikafika 15 ml.

Mara ya kwanza nilimwaga 6 ml zote na kusukuma na maji ya distilisheni. Protini ikatoka na ukungu kama maji ya mchele. Mara ya pili nikatumia bafa ya fosfeti 10 mM, ukungu ukapungua, nikakusanya tyubu 20 za 1 ml moja moja, nikapima kila tyubu kwa barium kloridi kuona kama salfeti ipo. ZOTE zimekuwa nyeupe, hata tyubu ya kwanza kabla protini haijafika! Na juu ya jeli kumebaki duara la kahawia halishuki hata nipitishe bafa kiasi gani, na kasi ya kudondoka imekuwa ndogo mno, karibu saa mbili kwa kolamu hiyo fupi.

Nguvu ya kimeng'enya niliyopata ni kama theluthi. Je jeli imekufa kwa uzee? Au nihamie G-100 kwa kuwa namba ni kubwa? Naombeni, nina maganda ya kufanya mara mbili tatu tu kabla wale mama hawajahamia msimu wa mahindi.

FundiKolamu_Moshi alijibu:

Pole dada. Jeli haijafa, huo unga mkavu ukikaa kwenye kopo lililofungwa vizuri unadumu miaka mingi. Na G-100 iache hapo hapo ilipo, ngoja nikueleze kwa nini maana ukielewa hili mengine yote yanajinyoosha.

Kolamu yako ya 15 ml ndani yake kuna maji ya aina mbili. Kuna maji yaliyo nje ya punje, kwenye zile nafasi kati ya punje na punje, hayo ni kama theluthi moja ya kolamu, kwako tuseme 5 ml. Halafu kuna maji yaliyo NDANI ya punje. Protini yako ni ya makumi ya maelfu ya dalton (kipimo cha uzito wa molekuli), tundu za G-25 zinakataa protini yoyote inayozidi kama 5,000, kwa hiyo protini inaona zile 5 ml za nje tu na inatoka mapema. Chumvi inaingia kila mahali, inaona maji yote, ya nje na ya ndani, inatoka ukishapitisha kama 12 au 13 ml. Ile tofauti kati ya 5 na 12 ndo nafasi yako ya kufanyia kazi, hakuna nyingine. Sasa wewe umemwaga sampuli 6 ml, ina maana protini inaanza kutoka kwenye 5 na mkia wake unafika 11 na zaidi ukiweka na kule kutanuka njiani, umeshagusa chumvi. Sampuli isizidi robo ya jeli, ukijitahidi sana asilimia 30. Kwa 15 ml weka 3.5, ukienda 4 basi iwe ni kolamu umeipakia vizuri kweli kweli.

Zile kolamu za kiwandani za PD-10 zinafuata hesabu hiyo hiyo, jeli 8.3 ml, sampuli 2.5 ml, unaacha hizo 2.5 zipite na kumwaga kinachotoka, halafu unaweka bafa 3.5 ml na hizo 3.5 zinazotoka ndo protini yako. Imezimuliwa kidogo tu.

G-100 tundu zake ni kubwa, inapokea protini za kuanzia kama 4,000 hadi 150,000, kwa hiyo kimeng'enya chako kitaingia ndani ya punje kitachelewa, kitatanuka, na ile nafasi kati yake na chumvi itapungua. Hiyo ni ya kutenganisha protini na protini. Namba hiyo pia watu wengi wanaisoma vibaya, sio ukubwa wa tundu, ni maji ambayo gramu moja ya unga inanyonya mara kumi, G-25 inanyonya 2.5 ml kwa gramu, G-100 inanyonya 10.

Kingine kilichokuumiza ni sumaku. Usikoroge Sephadex na sumaku hata siku moja! Ile fimbo inasaga punje dhidi ya kuta za bika, unapata vumbi laini linaloziba kolamu, hiyo saa mbili yako imetoka hapo. Pima gramu 4 (gramu moja ya G-25 inavimba kuwa ml 4 hadi 6), mwagia bafa nyingi, iache yenyewe saa 3 kwenye joto la kawaida au saa moja kwenye maji ya moto nyuzi 90. Huko kwenu maji yanachemka kabla ya 100 kwa ajili ya mwinuko lakini 90 inafikika bila shida. Mimi napenda ya moto maana inatoa na hewa. Ikishavimba koroga taratibu na fimbo ya kioo, subiri punje zitulie, yale maji ya juu yenye ukungu mwaga, weka bafa mpya, rudia mara tatu nne mpaka maji ya juu yawe maangavu bila ukungu. Usiwe na huruma na kile unachomwaga.

Na usipakie jeli iliyotoka kwenye friji moja kwa moja. Sisi Moshi na joto hili tunalijua sana hilo, bafa baridi ikipata joto inatoa viputo vya hewa katikati ya kolamu na hapo jeli inachanika, unaona kabisa mstari mweupe umekatiza. Jeli, bafa, na chumba viwe joto moja. Sampuli ndo ikae kwenye barafu mpaka dakika ya mwisho, kolamu yenyewe ikienda vizuri haizidi dakika 20 au 30 kimeng'enya hakitakufa.

Kijenge_Maabara alijibu:

Niweke neno kidogo kutetea mfuko. Watu wakipata jeli wanaona dialisisi ni ya kizamani lakini angalia ujazo, leo una 6 ml sawa, kesho ukisaga kilo mbili za maganda ukapata 60 ml utapitisha kolamu ya 15 ml mara ngapi? Mara kumi na tano na kuzidi. Hapo mfuko unashinda. Tatizo lako halikuwa mfuko bali umeme. Weka bika ndani ya kibokisi cha foma na chupa za barafu, badilisha bafa baada ya saa mbili mbili mara tatu, kazi kubwa inaisha jioni hiyo hiyo hulazimiki kulaza usiku. Na acha nafasi nusu ya mfuko, amonia salfeti inavuta maji kuingia ndani, mfuko uliojazwa unapasuka nimeona kwa macho yangu.

Ila kwa 6 ml na umeme wa kubahatisha, jeli ni sawa, sipingi.

MzeeWaBenchi alijibu:

Nimesoma yote. Fundi amesema vizuri, mimi nitashika yale ambayo hajayagusa, hasa hilo la barium ambalo limekupotosha.

Binti, barium haishiki salfeti peke yake. Inashika na fosfeti pia, na barium fosfeti ni nyeupe vile vile. Bafa yako ni fosfeti, kwa hiyo tyubu ya kwanza mpaka ya mwisho zote lazima ziwe nyeupe hata kama hakuna chembe ya salfeti. Ulikuwa unapima bafa yako mwenyewe. Dawa yake ni rahisi, chukua matone machache ya kila tyubu weka kwenye kigae, tia kwanza tone la asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, ndipo utie barium. Kwenye asidi barium fosfeti haikai inayeyuka, barium salfeti haiyeyuki. Weupe utakaobakia hapo ndio salfeti ya kweli. Vaa glavu, barium kloridi ni sumu ikimezwa, na kigae hicho usikitumie kwa kitu kingine.

La pili ni ule ukungu wa maji ya mchele. Maji matupu hayafai kusukumia protini. Kwanza protini nyingi zikikosa chumvi kabisa zinashikana na kushuka, pili Sephadex ina chembe chache za chaji zilizobaki kwenye sukari yake na chumvi ikiwa ndogo mno protini inang'ang'ania au inasukumwa, haiendi kwa ukubwa tena. Ndiyo maana vitabu vinashauri chumvi kama 0.15 M. Lakini hapa nakuomba uwe mwangalifu kwa sababu ya kimeng'enya chako. Watu watakuambia tia sodium kloridi, wewe usitie. Polifenoli oksidesi ina shaba katikati yake, na kloridi na floridi zinajulikana kuizuia, hasa upande wa asidi. Pandisha fosfeti yenyewe mpaka 100 mM kwa pH 7, hapo unapata nguvu ya chumvi inayotosha bila kloridi. Kwa sababu hiyo hiyo ukihifadhi jeli usitumie sodium azaidi, nayo inakamata shaba. Tumia ethanoli asilimia 20, safi, sio ile spiriti yenye rangi ya dukani. Na maji ya bomba yasiguse kolamu hata kwa kuosha haraka haraka, maji ya upande huu wa Meru yana floridi, sote tunajua yalivyofanya meno ya watoto wetu.

Duara la kahawia. Hizo ni fenoli za ndizi zilizokwisha kuoksidika. Vitu vyenye duara za benzini vina tabia ya kushika Sephadex na kuchelewa kuliko ukubwa wao unavyosema, vingine havitoki kabisa. Zizuie mapema, weka unga wa PVPP wakati wa kusaga ushike fenoli, na askobiki asidi (vitamini C) kidogo. Askobiki itaharibu upimaji wako ikibaki lakini ni ndogo, dalton 176, kolamu hiyo hiyo itaitoa pamoja na salfeti. Jeli iliyochafuka ioshe na sodium haidroksaidi 0.2 M, kisha bafa mpaka pH irudi.

Mimi nilianza kazi hii wakati tunapakia kila kitu kwa mkono. Jeli hii ilitoka Uppsala, Sweden, wanasayansi Porath na Flodin wakaitangaza mwaka 1959, na jina Sephadex ni kifupi cha kutenganisha (separation), kampuni ya Pharmacia, na dextran. Dextran ni sukari inayotengenezwa na bakteria, wakaifunga minyororo yake kwa kemikali isiyeyuke. Nalisema hili kwa sababu ukishajua kuwa ni sukari hutaiacha wiki mbili mezani ndani ya bafa, ukungu unaipenda kuliko wewe unavyoipenda.

Kijana_wa_DNA aliuliza:

Samahani kwa kudandia uzi, mimi niko Moshi, nataka kusafisha DNA niliyozalisha kwa PCR kabla ya kuipeleka kusomwa mfuatano. Naweza kutumia Sephadex G-50 kwenye sirinji ya 1 ml na kuzungusha kwenye sentrifuji? Nimeambiwa inatoa kila kitu kidogo.

FundiKolamu_Moshi alijibu:

Inatoa nukleotidi na chumvi na rangi zisizoshikana, hapo iko vizuri sana. Primer, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, ndo shida. Primer ya besi 20 iko mpakani kabisa, G-50 haikuhakikishii, nyingine inapita na DNA yako na ikifika kwenye kusoma inaleta fujo. Kwa hiyo kutoa primer tumia kolamu ya silika au vile vimeng'enya vya kula primer. Ukitumia G-50 baada ya kuweka alama ya rangi, zungusha taratibu, kama g 700 hadi 1,000, soma g usisome mizunguko maana kila mashine ina rota yake, na izungushe kavu mara moja kwanza kabla ya sampuli ili maji ya nje yatoke, la sivyo sampuli yako inazimuliwa.

Dada wa Tengeru, kabla hujagusa maganda tena pima kolamu yako kwa rangi. Nina dextran ya bluu kidogo, dalton milioni 2, haiingii kwenye punje yoyote ya G-25. Nitakutumia kwa Coaster kesho asubuhi nichekie inbox. Nunua na ampuli moja ya sindano ya vitamini B12 duka la dawa, ni nyekundu, dalton 1,355, inaingia kwenye punje kiasi. Changanya tone tone pitisha, bluu ikianza kutoka andika ml ngapi, nyekundu ikianza andika. Chumvi iko nyuma ya nyekundu kidogo.

BintiTengeru aliandika:

Shikamoo MzeeWaBenchi, na wote asanteni sana, sikutegemea kujibiwa hivi. Dextran imefika mkuu, konda aliniletea mpaka getini.

Narudisha majibu baada ya siku tisa. Nililoweka upya gramu 4 kwa maji ya moto bila sumaku. Nilimwaga maji ya juu mara tano, sikuamini vumbi lililokuwepo, ile ya kwanza ilikuwa kama maziwa. Nikamwaga jeli yote kwa mkupuo mmoja, nikaweka kiduara cha karatasi ya chujio juu isichimbike, nikapitisha bafa ya fosfeti 100 mM kama 45 ml. Kisha nikapitisha rangi. Wakuu, ile kuona bluu na nyekundu zinaingia pamoja kama zambarau halafu katikati ya sirinji zinaachana, bluu inatangulia kama utepe, nyekundu inabaki nyuma na kati yao pameachwa peupe kabisa, nilikaa chini nikaangalia tu. Nilimwita mwenzangu wa chumba cha pili aje aone. Bluu ilianza kwenye 5 ml, nyekundu ilianza kwenye 9 na kitu.

Jana nikafanya sampuli yenyewe. Nilisaga na PVPP na askobiki, mshuko nikauyeyusha kwa 3.5 ml tu, nikazungusha tena kutoa ukungu, nikaweka. Dakika 25 imeisha. Nikapima protini kwa rangi ya Bradford kwenye kigae, tyubu ya 5 haina kitu, ya 6 bluu nzito mpaka ya 9, ya 10 hafifu. Barium na asidi kama ulivyosema mzee, tyubu 1 mpaka 10 safi kabisa hakuna weupe, ya 12 inaanza kidogo, ya 13 nyeupe kama chaki. Nguvu ya kimeng'enya kwenye tyubu 6 hadi 9 nikizijumlisha ni zaidi ya asilimia 80 ya niliyoweka. Nililia wakuu, nasema kweli.

Swali la mwisho, hizo tyubu nataka nizikaushe kwa baridi ziwe unga. Fosfeti 100 mM si itabaki kwenye unga?

MzeeWaBenchi alijibu:

Marahaba binti, umefanya kazi ya heshima, na umeandika namba za tyubu, wengi hawaandiki.

Fosfeti itabaki, ndiyo, na wakati wa kugandisha pH yake inayumba inaweza kuumiza kimeng'enya. Pitisha mara ya pili kwenye kolamu hiyo hiyo, safari hii ukiwa umeiosha kwa amonia baikaboneti 100 mM mara tatu ya ujazo wa jeli. Hiyo ikikaushwa inaondoka yenyewe kama hewa. pH yake iko karibu na 8, kwa hiyo jaribu kwanza na tyubu moja tu, ya 9 ambayo haina nyingi, pima nguvu kabla na baada, ndipo uguse ya 7 na ya 8.

FundiKolamu_Moshi alijibu:

Na ukimaliza usiiache ikauke. Ile ya kwako haina kichujio juu cha kushika maji kama ya kiwandani, bafa ikishuka chini ya uso wa jeli inachanika na utapakia upya. Ziba chini, ethanoli asilimia 20 juu kama sentimita mbili, parafilm, andika tarehe. Dextran iliyobaki kaa nayo, kuna kijana mwingine wa hapo Arusha ataihitaji.

BintiTengeru aliandika:

Sawa wakuu. Tyubu ya 9 naipitisha kesho saa mbili asubuhi kabla umeme haujaanza michezo yake, nitaweka majibu hapa hapa.